Ajenti Hapatikani, Mvua Imekatika

Guangzhou ya miaka ile, ukitaka kujua kama mvua imekatika kweli, ulimpigia simu Ajenti. Ikiita, ujue wingu bado lipo. Ukiambiwa hapatikani, anika nguo zako. Sisi wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja tuliokuwa tukifikia mtaa wa Xiaobei tulishamzoea, ingawa kuzoea si kupenda. Mizigo yetu ilipita mikononi mwake: unanunua viwandani, unampelekea, anakusanya ya watu wengi, anaipanga kwenye kontena moja, linafungwa, linakwenda bandarini Nansha. Mtu tunayemtegemea kiasi hicho, halafu mvua kubwa ikikatika anazima simu, anavaa mabuti ya mpira, anakwenda kutazama ndege.

Mimi nauza masinki, mabomba ya maji na vyoo vya kukalia. Ndiyo, vyoo, na anayetaka kucheka acheke, nimesomeshea watoto. Kwa hiyo sikumjua Ajenti kwa mambo ya ndege, maana ndege niliyemjua mimi ni kuku. Nilimjua kwa sababu choo kikipangwa vibaya kwenye kontena kinafika Kariakoo vipande, na vyangu vilifika vizima. Ukoo wake sikuuliza, wala alivyofika China sikuuliza. Alikuwa na mke Tanga, na hilo tulilijua wote, kwa sababu mke alipiga simu kila Ijumaa na mzee alipokea kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lifti.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, barabara ya Huanshi Zhonglu: meza, birika, chupa ya chai ya tangawizi, na yale mabuti chini ya meza. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kwenye kontena. Vizito chini, vyepesi juu, vya kuvunjika katikati, na nafasi wazi alikuwa akiichukia kama deni. Ndani ya sinki langu alitia ndala za mtu, ndani ya ndala akatia soksi za mtu mwingine, na pembeni akasokomeza wanasesere wa mama mmoja wa Mwanza. "Hewa hainunuliwi Kariakoo," alikuwa akisema, "sasa kwa nini muisafirishe?" Wapakizi wa Kichina walikuwa wakimwona anasukuma mkono kwenye upenyo, anautoa, anaagiza kigunia kidogo cha kujazia. Halafu mtu huyohuyo anakwenda kukaa nusu siku anatazama hewa tupu, akingoja kitu kipite.

Na saa ya kufunga ikifika, anafunga. Hapo ndipo penye kisa changu. Mwaka mmoja nilikwama kwenye foleni nikitoka viwandani Foshan na maboksi ya mabomba. Nikampigia, "Mzee wangu, nipo njiani, nisubiri kidogo tu." Akanijibu, "Dada, kontena halisubiri mtu." Nilipofika nikalikuta linatoka getini juu ya lori. Nililia, sioni haya kusema, nililia mbele ya wapakizi na mlinzi. Ajenti akanimiminia chai, akaniambia nikae, na wiki iliyofuata akayapakia maboksi yangu kwenye kontena lingine kwa upole kama mayai. Chai nilikunywa. Kinyongo niliondoka nacho, na nilikitunza vizuri.

Gari lake lilikuwa basi dogo jeupe, la aina ambayo Wachina huiita gari la mkate kwa sababu limekaa kama boflo. Viti vya nyuma aliving'oa. Mahali pake aliweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, dumu la maji ya udhu, na mapazia ambayo mkewe aliyashona Tanga akampa mtu amletee. Alilala humo kwenye vituo vya mafuta na kando ya mabwawa ya samaki, popote maji yalipojaa na ndege wakayafuata. Tukimwuliza kwa nini asilale hoteli alisema hoteli ina dari, na dari haina cha kutazama. Polisi walimsimamisha mara nyingi. Walichungulia ndani, wakaona birika na msala, wakamwacha aende. Mmoja alibaki kunywa chai.

Safari moja nilikwenda naye, na sikutaka. Ulikuwa msimu wa mvua ambayo wenyeji huiita maji ya mashua za joka, kwa kuwa hunyesha karibu na sikukuu yao ya mashindano ya mashua. Ilinyesha hadi barabara za chini zikawa mito. Laoban wa kiwanda nilichoagiza, yaani bosi mwenyewe, aliniambia meiyou, hakuna kitu, masinki hayajakauka, rudi wiki ijayo. Nikawa nimekaa mgahawani nimenuna. Ajenti akapita na mabuti yake.

"Ukiyanunia ndiyo yatakauka?" akaniuliza.

"Niache, mzee wangu."

"Panda gari. Mkongo naye anakuja."

Mkongo alikuwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu wa suti hata kwenye joto la Juni, Kiswahili chake na Kifaransa vimeshikana mikono. Tulikwenda kaskazini, vijiji vya Qingyuan, kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika. Ndani ya gari la Ajenti kulikuwa na sheria: hakuna simu, hakuna bei, hakuna kumsema mtu ambaye hayupo. Hiyo ya tatu kwa Mswahili ni kifungo. Mkongo alijaribu kuanzisha habari ya jirani yake wa chumba, Ajenti akasimamisha gari katikati ya barabara, akangoja anyamaze, ndipo akaendelea.

Ndege walikuwepo, siwezi kusema uongo. Yangeyange walikuwa wamemwagika kwenye mpunga kama nguo zilizopeperushwa kambani. Mdiria mmoja wa buluu alikaa juu ya mti uliozama nusu, akachupa, akatoka na samaki. Kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini, haohao kama wa kwetu, nami nikajikuta nasema kwamba nyumbani tungekuwa tumeshaweka beseni la maji chini ya taa. Ajenti alifurahi sana niliposema vile. Ndege ambaye hakumjua jina kwa Kiswahili alimpa jina la mtu. Kwenye bwawa la yungiyungi tulimkuta mmoja mwenye mkia mrefu mweusi na shingo ya dhahabu, anatembea juu ya majani hatua moja moja, kama anayechelea kuchafua viatu. Ajenti akampa Mkongo darubini. Mkongo akatazama mpaka nikachoka kusubiri zamu yangu.

"Papa," akasema, "yule ni mie kabisa."

Toka siku ile ndege yule akaitwa Mkongo, na Mkongo mwenyewe kila akirudi China alianza kwa kuulizia habari za mwenzake.

Usije ukadhani mzee alikuwa na moyo wa pamba. Kuku alimchinja mwenyewe kando ya barabara, akamnyonyoa, akamla na ugali wa unga aliotumiwa kutoka nyumbani. Kuna mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kijana wa dini sana, alimwomba waende sokoni wanunue ndege wa vizimbani wawaachie, wapate thawabu. Ajenti alicheka mpaka akakohoa. "Ukimwachia huyu," alimwambia, "kesho muuzaji anakwenda kutega wengine wawili. Thawabu yako wewe, msiba wa wenzake." Wapakizi aliwafokea kwa Kichina na Kiswahili kwa pamoja. Kwenye foleni alipiga honi kama ana mgonjwa. Ila akishuka na ile darubini alikuwa mtu mwingine, anapumua polepole, hakumbuki hata kula.

Sasa nije kwenye godauni, maana bila hilo nisingekuwa na la kueleza.

Miaka yote Ajenti alikuwa akikodi pembe kwenye magodauni ya watu. Leo hapa, kesho mwenye mali anataka nafasi yake, anahamishwa. Mvua zikija maboksi yanalowa chini, wenye mizigo wanamlaumu yeye. Ndoto yake ilikuwa godauni lake mwenyewe, karibu na Nansha, amwachie mwanawe aliyekuwa akisoma Wuhan, naye arudi Tanga kwa mkewe. "Godauni likisimama, narudi nyumbani." Maneno hayo tuliyasikia hadi tukayazoea kama adhana. Mkewe aliyasikia kwenye simu kila Ijumaa.

Mwishowe akapata. Laoban mmoja wa kijiji cha njiani kuelekea bandarini alikuwa na kiwanja, wakakubaliana kwa ubia, mzee alipe kodi ya kiwanja na ajenge. Sharti lilikuwa moja, na laoban alilisema mbele yetu sote: msingi uanze kabla ya kodi ya kwanza kwisha, la sivyo kiwanja kinarudi, kwa sababu mfanyabiashara wa vigae alikuwa mlangoni anakitaka kilekile. Ajenti alileta mchanga, lundo refu kuliko nyumba, ukamwagwa palepale pa kujengea kwa sababu pembeni kulikuwa na tope. Katapila likachota upande mmoja, likaacha ukuta wima. Halafu ikaja mvua kubwa, kazi ikasimama zaidi ya wiki.

Mvua ilipokatika mzee akazima simu kama kawaida yake, akaondoka na gari lake, na njiani akapitia kiwanjani kutazama maji yamefika wapi. Ukuta wa mchanga ulikuwa umetobolewa matundu. Keremkerem, wale wa kijani wenye mkia wa buluu na koo jekundu-kahawia, walikuwa wanaingia na kutoka.

Alituleta tuwaone. Mimi nilikuwa na mizigo yangu inasubiri godauni hilohilo, kwa hiyo nilikwenda kwa hasira. Walikuwa wazuri, hilo silikatai. Walikaa kwenye waya mstari mmoja, mmoja anaruka, anamdaka kereng'ende hewani, anarudi, anampigapiga kwenye waya kabla ya kuingia naye shimoni.

"Hawa ni wa kwetu," Ajenti akasema. "Wanakaa vilevile kwenye nyaya za simu za Tanga."

"Wamevaa kama wa kwetu," nikamwambia. "Hawa ni Wachina, mzee wangu. Toa mchanga, jenga."

"Wana mayai humo."

"Basi nunua mchanga mwingine."

Akanionyesha kwa kidole. Mchanga mwingine haukuwa tatizo. Lundo lilikuwa limekaa pale pa msingi penyewe, na bila kuliondoa hapakuwa na pa kuchimba. Nikamwambia wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akasema hawa jembe wamekuja nalo wenyewe.

Akaamua kungoja makinda waruke. Hesabu yake ilikuwa kwamba wataruka kabla ya kodi kwisha, na ataanza msingi siku hiyohiyo. Ilikuwa hesabu ya karibu sana, na Xiaobei nzima iliifuatilia. Waliocheka mwanzoni ndio wakawa wa kwanza kuuliza mgahawani, "Wametoka?" Wanyamwezi wa vitenge, Wazanzibari wa simu, Mkongo na suti yake, kila mtu anataka kujua wametoka au bado. Laoban naye hakuwa mtu mbaya. Alikuja na sigara, akakaa na Ajenti juu ya ndoo, akamwambia taratibu kwamba ndege wapo nchi nzima na kiwanja ni kimoja. Ajenti akamshukuru, akamwazima darubini.

Mkewe aliposikia, simu ya Ijumaa ile ilisikika kupita lifti. Mzee aliiweka sikioni, akaisogeza mbali, na sauti ya mama wa watu ikajaa chumba. "Bwana, mimi nimekusubiri miaka yote hii. Hao wamekuja juzi." Ajenti akatazama mabuti yake chini ya meza. Nilikuwa nimekaa mbele yake na nilikuwa upande wa mke, na hadi leo nipo upande wa mke.

Kisha mvua ikarudi. Ikinyesha kereng'ende hawaruki, na wazazi walikaa kwenye waya wamejikunyata, hawana cha kupeleka ndani. Makinda wakachelewa. Kila siku Ajenti alikwenda akakaa ndani ya gari lake, vipanguzi vya kioo vinafuta, anatazama yale matundu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anaichukia mvua. Kodi ikaisha makinda wangali ndani.

Laoban akatimiza alilolisema. Asubuhi yake akaja na yule mtu wa vigae na katapila la kusawazisha. Ajenti alisimama pembeni, mikono nyuma, hakuzuia mtu, kwa sababu kiwanja hakikuwa chake tena. Katapila likaingia, likazama kwenye tope hadi tumboni. Wakaleta lingine la kulivuta, nalo likazama. Wakaacha mpaka pakauke. Makinda waliruka kabla hapajakauka, wakajipanga kwenye waya pamoja na wakubwa, na Ajenti akatupigia simu mmoja mmoja kutuambia kwamba wametoka. Mgahawani watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa namfikiria yule mama wa Tanga.

Godauni la vigae likajengwa. Ajenti akarudi kukodi pembe za watu.

Hatukuligusa tena jambo lile. Niliendelea kumpa mizigo yangu, kwa sababu kinyongo ni kinyongo na vyoo ni vyoo. Miaka ikapita, watoto wangu wakamaliza shule, safari zangu za China zikapungua. Mara ya mwisho nilipofika ilikuwa tena mvua ya mashua za joka. Nilitoka uwanja wa ndege wa Baiyun nimelowa, nikaenda moja kwa moja mgahawani, nikamkuta amekaa na mama mmoja mnene wa buibui, anakula supu na kulalamika kwamba haina ndimu.

"Huyu ndiye wa masinki," Ajenti akamwambia.

Mama akanipa mkono. "Mimi ndiye wa Tanga. Nimechoka kusubiri, nimekuja kuchukua changu." Alikuwa ameshakaa China karibu mwaka na alikuwa hajachukua kitu, amehamia tu.

Siku chache baadaye tukaenda Nansha wote watatu. Kontena lenye mizigo yangu lilikuwa linafungwa alasiri ile, na maboksi ya mwisho ya mabomba yalikuwa nyuma ya lile gari la mkate, juu ya kitanda. Bi Mkubwa, ndivyo nilivyomwita mkewe, alikaa mbele na chupa ya chai mapajani, mimi nyuma yao juu ya dumu la maji. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba mzee alilazimika kuegesha, na aliegesha mahali ninapopajua. Godauni la vigae lilikuwa pale, limeandikwa maandishi mekundu. Ng'ambo ya barabara walikuwa wanajenga kitu kingine, na palikuwa na lundo la mchanga.

Nikaona ni sasa au basi.

"Mzee wangu, nina neno nimelitunza. Mimi nilikuomba unisubiri kidogo tu, ukaniacha nalia getini. Ndege ukawasubiri mpaka ukakosa godauni. Kwa nini?"

Hakugeuka. Alifikiri kidogo, kama anayepima upenyo kwenye kontena.

"Wewe ulikuwa na kontena la wiki ijayo, dada," akasema. "Wao walikuwa na mchanga ule tu."

Nikafuta mvuke kwenye kioo, nikautazama ule mchanga wa ng'ambo.

"Na mimi?" Bi Mkubwa akauliza, macho yake mbele kwenye kioo. "Mimi nilikuwa na mume wa wiki ijayo?"

Ajenti alichukua chupa kutoka mapajani mwa mkewe, akammiminia yeye kwanza, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mama akakipokea. Alikunywa bila kumtazama, na hakumrudishia kikombe mpaka alipokimaliza.

Mvua ikapungua, ikawa matone, ikakatika. Bi Mkubwa akashusha kioo, akatoa mkono nje, akanyoosha kidole kwenye waya ng'ambo ya barabara. Alikuwa amewaona kabla ya mumewe. Mzee akaweka mkono kwenye darubini, kisha akatazama saa, akauondoa, akawasha gari.

"Kontena lako, dada," akasema. "Linafungwa saa kumi. Unalijua lenyewe, halisubiri mtu."

Nikageuka kutazama maboksi yangu ya mabomba pale kitandani, yamekaa sawasawa, hakuna hewa katikati. Simu yangu ikaanza kuita, ni wapakizi wa Nansha wanauliza nipo wapi.

"Zima gari, mzee wangu," nikamwambia. "Lipo la wiki ijayo."

Nikazima simu.